Barua ya Wazi kwa Wauza Samaki wa Mapambo: Minyoo Itibiwe Dukani

Kwenu ndugu zangu mnaouza samaki wa mapambo, wa madukani na wa kando ya barabara, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mombasa na Nairobi.



YAH: MINYOO KATIKA SAMAKI MNAOTUUZIA, NA DAWA MNAZOTUPA

Nawaandikia hadharani kwa kuwa maneno ya kaunta yamefika mwisho. Mteja akirudi kwenu na kilio chake, jibu analijua kabla hamjafungua midomo: maji yako machafu, unawalisha kupita kiasi, tangi lako dogo. Akibisha, anatolewa kichupa cha maji ya bluu kisicho na lebo, anaambiwa atie matone kumi, basi. Siku zinapita, samaki wanakonda, matumbo yanaingia ndani, wanakufa mmojammoja. Wapo wateja wanaorudi kununua wengine. Wengi hawarudi. Tangi linahamishiwa stoo, na watoto wanaambiwa kwamba samaki ni viumbe wa kufa ovyo.

Samaki si viumbe wa kufa ovyo. Gapi aliyetunzwa huweza kufikisha miaka miwili, na samaki wa dhahabu huvuka kumi. Ninaowalaumu ni ninyi, na nitasema kwa nini. Tangi la nyumbani lenye samaki walewale kwa miezi, lisiloingizwa kiumbe kipya wala chakula cha mtaroni, halipati mnyoo kutoka hewani. Mnyoo huingia sebuleni ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na samaki mliyemfunga kwa mikono yenu. Kwenu ndiko wanakochanganywa samaki wa kutoka mashamba na nchi mbalimbali. Kwenu ndiko kiwavu kimoja kinakochota matangi yote, na mara nyingine maji ya matangi hayo yote yanapita kwenye filta moja. Kwa hiyo pa kuukata mnyoo ni kwenu. Mimi nikitibu kwangu, ninyi mnaendelea kuuza.

Nitaeleza kwa namba, ili atakayetaka kunijibu ajue anajibu lipi.

1. Ule uzi mwekundu si kinyesi.

Simameni mbele ya tangi la gapi, moli au plati, mkae kimya kidogo. Samaki akitulia, tazameni sehemu yake ya haja. Mkiona nyuzi mbili tatu nyekundu, nyembamba, zinazochomoza milimita chache kisha zinarudi ndani mara samaki anapoanza kuogelea, huo ni mnyoo unaoitwa Camallanus cotti. Mtafiti wa Kijapani, Fujita, aliuandika kwenye orodha ya sayansi mwaka 1927. Asili yake ni Asia, na umezunguka dunia ndani ya matumbo ya samaki wa mapambo, gapi wakiwa wabebaji wakuu. Unajishikiza kwenye ukuta wa utumbo kwa kinywa kigumu na kunyonya damu. Samaki anakula kila siku na bado anakonda.

Muuzaji mmoja aliniambia, uso mkavu, kwamba ni chakula chekundu alichowapa asubuhi. Mwingine akasema ni dalili ya jike anayekaribia kuzaa. Yule mwenye uzi alikuwa dume.

Sikilizeni jinsi mnyoo huu unavyoenea, maana hapa ndipo mnapotuumiza. Huko kwenye madimbwi na mito, watoto wake humezwa kwanza na vidudu vidogo vya majini vya jamii ya kopepodi, kisha samaki anawala kopepodi. Lakini ndani ya tangi mnyoo huu unaweza kuruka hatua hiyo na kupita moja kwa moja kutoka samaki hadi samaki. Jike hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, wanaanguka chini kwenye kokoto, wanajinyonganyonga, na samaki akiona kitu kinachezacheza chini anakimeza. Samaki mmoja anatosha kuambukiza tangi zima. Uzi unapoonekana nje, mnyoo umekwisha komaa, na wenzake wadogo wamo ndani ya samaki ambao kwa macho ni wazima kabisa.

Kwa hiyo kumchota yule mmoja mwenye uzi, kumtupa, na kuendelea kuwauza waliobaki kwa bei ileile, jambo ambalo limefanywa mbele ya macho yangu, ni kuwagawia wateja minyoo ambayo haijachomoza bado.

2. Maji ya bluu hayatibu minyoo.

Methilini bluu ina kazi yake: huzuia ukungu kwenye mayai ya samaki, na wafugaji wa zamani wanaiheshimu. Mnyoo wa utumboni haina habari nao. Ikimwagwa kwenye tangi kuu inaweza pia kuua bakteria wazuri wa kwenye filta, wale wanaosafisha sumu ya kinyesi, hapo mteja akawa na matatizo mawili. Malakiti ya kijani ni ya vidoadoa vyeupe, ugonjwa unaoletwa na kiumbe cha seli moja. Metronidazole, ambayo baadhi yenu mnaisaga na kuiuza kwenye karatasi kama "dawa ya tumbo", hupiga vimelea vya seli moja vya utumboni vinavyowasumbua sana enjeli na diskasi. Hiyo nayo si dawa ya minyoo.

Ugumu upo, nakubali. Enjeli anayetoa kinyesi cheupe kinachoning'inia anaweza kuwa na vimelea hivyo vya seli moja, au mnyoo wa Capillaria, au hajala tu. Macho peke yake hayatoshi. Lakini hadubini ya kawaida ya shule inatosha. Chukua kinyesi kibichi, weka tone la maji, funika, tazama. Yai la Capillaria halifichiki: ni refu kama pipa, na limezibwa kizibo kila upande. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akionyeshwa mara moja hasahau. Ninyi mnaouza samaki kwa miaka na miaka mmeshindwaje kuwa na chombo hicho, hata kimoja kwa maduka matano jirani?

Vitunguu saumu na chumvi ya mawe sitavijadili kwa urefu. Chumvi inaweza kuwang'oa baadhi ya minyoo ya juu ya ngozi. Ya tumboni haiifikii.

3. Minyoo ya matamvua mnaiita "stresi".

Samaki anajisugua kwenye jiwe. Anahema haraka, amefunga tamvua la upande mmoja, anakaa karibu na juu ya maji. Mnasema ana stresi ya safari, atazoea. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi mno ni minyoo bapa midogo isiyoonekana vizuri kwa macho, ambayo hujishikilia kwa kulabu za mkiani. Kuna Gyrodactylus, anayependa ngozi na mapezi na kuzaa watoto walio hai. Kuna Dactylogyrus, anayekaa kwenye matamvua na kutaga mayai.

Tofauti hiyo ya kuzaa na kutaga ndiyo inayoamua tiba, na ndiyo msiyomwambia mteja. Dawa nzuri ya minyoo bapa ni praziquantel, ileile inayogawiwa vijijini kandokando ya Ziwa Victoria kwa ajili ya kichocho. Inaua mnyoo lakini yai inaliacha. Kwenye maji ya joto ya Dar es Salaam au Mombasa mayai huanguliwa baada ya siku chache tu, na kizazi kipya kinapanda matamvuani. Mteja aliyetia dawa mara moja anaona nafuu, anawasifu, halafu baada ya majuma mawili anarudi palepale na kudhani dawa ilikuwa bandia. Dawa ilikuwa halali. Alihitaji kurudia baada ya takriban wiki moja, na hakuna aliyemwambia.

Na msiniambie ni ghali. Kipimo cha kuogesha kinachotumiwa sana ni kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita ya maji. Kile cha chini huachwa majini muda mrefu, cha juu ni cha saa chache tu. Kidonge cha kawaida cha praziquantel kina miligramu 600. Kwa kipimo cha miligramu 2, kidonge kimoja kinatosha lita 300, yaani matangi kadhaa ya kawaida ya dukani. Kinachotakiwa ni kukiponda kiwe unga laini kwa sababu dawa hii haipendi kuyeyuka, kutoa mkaa kwenye filta ili usiinyonye, na kuongeza hewa. Daktari wa mifugo aulizwe kwanza, ndiyo kazi yake. Sizungumzii hapa samaki wa kula. Hao wana sheria zao na muda wao wa kusubiri, mtu asichukue barua hii akaenda nayo kwenye bwawa la sato.

4. Msitupeleke kwenye dawa za ng'ombe bila maelezo.

Hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Mteja mwenye bahati hukutana na muuzaji anayejua kidogo, anaambiwa: "Nenda duka la dawa za mifugo, ulizia levamisole." Ushauri huo una ukweli. Levamisole ndiyo dawa yenyewe ya ule uzi mwekundu. Ilipatikana Ubelgiji mwaka 1966, imetibu mbuzi, ng'ombe na watu. Wengi wa rika langu tuliimeza utotoni kwa jina la Ketrax. Haiui mnyoo papo hapo. Inaupoozesha, unaachia utumbo, samaki anautoa kwa haja. Wafugaji wengi hutumia miligramu 2 kwa lita ya maji, kwa saa 24 hivi, taa ikiwa imezimwa kwa sababu mwanga huiharibu dawa.

Lakini kwenye duka la dawa za mifugo, chupa ambayo muuzaji atainyanyua kwanza mara nyingi si levamisole tupu. Ni levamisole iliyochanganywa na oxyclozanide kwa ajili ya minyoo ya ini ya ng'ombe. Oxyclozanide ni ya ukoo mmoja na niclosamide, ile dawa inayomwagwa madimbwini kuua konokono wa kichocho, na kila aliyewahi kuiona ikitumika anajua inavyofanya kwa samaki. Lebo ya chupa inasema wazi kilichomo. Mteja haisomi kwa sababu hakuambiwa asome nini. Anatia, asubuhi anakuta samaki wote wanaelea, analaani levamisole.

Mwingine anapewa ivermectin, kwa kuwa ndiyo inayojulikana kila zizi. Kwa samaki, pengo kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kuua ni jembamba sana. Dawa hiyo haifai kupimwa kwa kifuniko cha chupa na mtu ambaye hajui hata tangi lake lina lita ngapi. Fenbendazole ni salama zaidi, ila haiyeyuki vizuri majini, hivyo huchanganywa na chakula, na samaki aliyekwisha acha kula haimfikii.

Kuna pia hatua ambayo hakuna duka lililowahi kunitajia. Baada ya levamisole, minyoo iliyopooza iko chini kwenye kokoto pamoja na watoto wake. Isipofyonzwa kwa mpira na maji mengi kubadilishwa, samaki wanaiokota tena. Na dawa hurudiwa baada ya majuma mawili au matatu. Kipimo cha kubahatisha, kidogo kuliko inavyotakiwa, kina hasara nyingine: mbuzi na kondoo wametufundisha kwamba minyoo inayonusurika dawa huzaa minyoo isiyoijali dawa.

5. Chakula hai mnachouza kinatoka wapi?

Swali tu. Viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo au pipa lisilo na samaki sina neno navyo. Vidudu vilivyochotwa kwenye bwawa au mtaro wenye samaki, pamoja na hao kopepodi, ni njia ya minyoo iliyonyooka. Andikeni kwenye mfuko vimetoka wapi.

6. Jambo hili haliishii kwenye kioo.

Mteja aliyekata tamaa hatupi samaki jalalani, moyo haumruhusu. Anakwenda kuwamwaga mtoni. Anaona ametenda wema. Gapi anavumilia maji machafu na joto, na anazaa haraka. Kenya na Uganda waliwahi kumwachia majini kwa makusudi ili ale viluwiluwi vya mbu. Kule Hawaii, Camallanus cotti haukuwa mnyoo wa mito yao. Ulifika na samaki wa jamii ya gapi walioletwa kutoka nje, kisha ukahamia kwa samaki wa asili wa vijito vya visiwa vile, ambao hawakuwahi kuujua.

Sasa fikirieni Kigoma. Ziwa Tanganyika lina spishi zaidi ya 200 za sikilidi, karibu zote hazipatikani popote pengine duniani, na watu wanakula na kusomesha watoto kwa kuwasafirisha kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Samaki wale wana minyoo yao ya asili, wakiwemo Cichlidogyrus wa kwenye matamvua, waliyoishi nayo tangu enzi na enzi. Minyoo ya Asia hawana habari nayo. Duka linaloweka sikilidi wa Tanganyika na gapi wa kuagizwa kutoka nje chini ya filta moja, na kutumia kiwavu kimoja, halafu siku moja likarudisha au kumwaga samaki ambao hawakununuliwa, linacheza na riziki ya watu wa ziwani. Mnunuzi wa nje akikuta mnyoo kwenye mzigo, hatauliza ni duka lipi. Atasema samaki wa Tanzania ni wagonjwa.

Najua mtakachosema. Faida ni ndogo, samaki wakikaa dukani wanakula chakula na umeme, mteja wa leo hataki kusubiri. Najua pia kwamba wengi wenu mnauziwa samaki wagonjwa na waagizaji wakubwa, na ninyi ndio mnaokaa mbele ya mteja. Hilo ni kweli na linauma. Lakini mna nguvu ya kumkatalia mwagizaji mzigo wenye nyuzi nyekundu. Mimi mteja wa gapi wawili sina.

Basi ninachowaomba ni hiki, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mfadhili.

Kwanza kabisa, karantini. Samaki wapya wakae kwenye tangi la peke yake, lenye filta yake na kiwavu chake, angalau majuma matatu kabla ya kuuzwa, na watibiwe humo: praziquantel mara mbili kwa minyoo bapa, levamisole tupu mara mbili wakionekana na dalili za Camallanus. Tangi lenye samaki hata mmoja mwenye uzi lifungwe lote, lisiuze. Kama majuma matatu ni mzigo, andikeni kwenye kioo tarehe waliyofika, mniachie mimi uamuzi wa kununua leo au kurudi mwezi ujao. Nitarudi. Nitalipa na zaidi, na siko peke yangu.

Kila dawa inayotoka dukani kwenu iwe na jina la kiambato kilichomo, kiasi chake kwa mililita au kwa gramu, na tarehe ya mwisho wa matumizi. "Dawa ya samaki" si jina la dawa. Msiyoijua ilivyo msiiuze, hata kama mwagizaji aliwapa bure.

Kila tangi na kiwavu chake. Viwavu ni vya bei ndogo kuliko samaki wanne.

Mchangishane mnunue hadubini. Kisha mwende pamoja, si mmojammoja, kwa madaktari wa mifugo na kwa walimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, muombe siku moja ya mafunzo ya kutazama kinyesi na kipande cha tamvua. Wa Kenya wanao wataalamu wao vilevile. Madaktari wengi wa mifugo hawajawahi kuulizwa swali la samaki wa mapambo kwa sababu hamjawahi kuwauliza. Watu wamezoea kudhani daktari wa mifugo ni wa ng'ombe na mbwa.

Mwisho, pokeeni samaki wanaorudishwa. Mteja aliyeshindwa awe na pa kuwarejesha, hata bila kurudishiwa fedha, badala ya kuwapeleka Mto Msimbazi. Wawekwe kwenye tangi la karantini lile lile.

Mkijibu, jibuni hadharani kama nilivyowaandikia, na mtaje duka lenu litaanza na lipi kati ya haya. Nitawapeleka wateja kwa duka la kwanza litakaloandika tarehe ya kufika kwenye kioo, liwe kubwa au liwe meza ya kando ya barabara.

Wenu katika ufugaji,

Mfugaji wa gapi na enjeli,
Dar es Salaam.

Nakala: Wenye maduka ya dawa za mifugo, ambao tunawaomba wamsomee mteja wa samaki lebo yote kabla ya kupokea fedha yake.